Dawa za Kila Siku: Jinsi ya Kuzipanga, Kuzihifadhi na Kuzibeba Unapoishi na Ugonjwa wa Kudumu

Mwenye malaria hupewa dozi ya siku tatu, akaimaliza, akaendelea na shughuli zake. Mwenye kisukari, presha, pumu, kifafa, selimundu au VVU hana siku ya kumaliza. Dozi fupi husukumwa na maumivu. Dozi ya maisha humezwa hata siku ambayo mwili hauumi popote. Siku hufanana, mkono huzoea, na mtu hujikuta amesimama na glasi ya maji akijiuliza kama vidonge vya asubuhi vimeshapita kooni au la. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, wanaofuata matibabu ya muda mrefu kama walivyoelekezwa ni wastani wa nusu tu ya wagonjwa. Siamini kwamba nusu iliyobaki ni wazembe. Wengi wao wameikabidhi kazi hii kumbukumbu, na kumbukumbu ni mtunza stoo asiyeandika chochote.

Kwa hiyo kila utakachokipanga kipime kwa swali moja: siku nina homa, sijalala, au niko mbali na nyumbani, je, nitajua kwa kutazama tu kama nimeshakunywa dawa? Jibu likiwa hapana, mpango huo bado. Hakuna lolote hapa chini linalobadilisha dozi yako. Hilo ni la daktari na mfamasia wako.

Hatua ya 1: Toa kila kitu, weka mezani

Kusanya dawa zote zilizomo nyumbani: za kliniki, zilizobaki kutoka matibabu ya zamani, za maumivu, vitamini, matone ya macho, pampu za pumu, sindano, mafuta ya kupaka, na mitishamba. Usiiache mitishamba kwa kuwa hukuandikiwa na daktari. Baadhi yake hupunguza au kuzidisha nguvu ya dawa za hospitali, na daktari hawezi kukushauri juu ya kitu asichokijua.

Sasa tenga. Zinazotumika kila siku upande mmoja, za dharura upande mwingine, zilizosimamishwa au kupitwa na muda kando kabisa. Hizi za mwisho zirudishe famasi au kituo cha afya, usizimwage chooni wala kumwekea jirani "zitamfaa".

Ukiwa unatenga, tafuta dawa pacha. Kila dawa ina jina la kibiashara lililoandikwa kwa herufi kubwa, na jina la kitabibu ambalo mara nyingi huwa dogo chini yake. Hospitali moja ikikupa amlodipine ya presha yenye jina la kampuni hii, na nyingine ikakupa amlodipine ileile yenye jina la kampuni ile, boksi zitakuwa na rangi tofauti na utameza dozi mbili bila kujua. Halafu angalia za maumivu. Ibuprofen na diclofenac zinaweza kupandisha presha na kuzipa figo kazi ngumu, hasa kwa anayemeza dawa za presha au za kupunguza maji mwilini. Kama umezoea kuzinunua bila cheti, muulize mfamasia kabla ya kuzirudisha kabatini.

Hatua ya 2: Andika orodha, na iwe fupi

Ukurasa mmoja. Juu kabisa: jina lako, magonjwa uliyonayo, dawa zinazokudhuru (mzio), na namba ya mtu wa kupigiwa. Chini yake, kila dawa na mstari wake: jina la kitabibu, nguvu yake, kiasi unachomeza, saa, na ni ya nini. Malizia na tarehe ya siku ulipoiandika, maana orodha isiyo na tarehe hakuna atakayeiamini.

Safu ya "ni ya nini" ndiyo watu huiruka, na kwangu ndiyo yenye faida kuliko zote. Ukiandika kwamba kidonge fulani ni cha moyo na kingine ni cha kuzuia kifafa, wewe mwenyewe utajua kipi hakivumilii kurukwa. Naye muuguzi atakayekupokea ukiwa huwezi kusema ataelewa hali yako kwa nusu dakika.

Vipimo viandike bila mkato wa hatari. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000, na dawa kama levothyroxine ya tezi hupimwa kwa mikrogramu, hivyo andika neno zima. Jina la kitabibu pia lina mipaka yake: salbutamol huitwa albuterol nchini Marekani, na paracetamol huitwa acetaminophen. Hizo ni chache. Majina mengi ya kitabibu hufanana duniani kote, ndiyo maana yanafaa kuliko majina ya kampuni.

Nakala moja ikae kwenye pochi, moja kwa mtu wa nyumbani, na picha kwenye simu. Simu nyingi zina sehemu ya taarifa za dharura inayosomeka hata ikiwa imefungwa; ijaze leo. Dozi ikibadilika, andika orodha upya na uchane ya zamani.

Hatua ya 3: Panga saa

"Kutwa mara tatu" maana yake ni nini hasa? Kwa dawa nyingine ni kila baada ya saa 8, kwa nyingine ni pamoja na milo mitatu, hata kama milo hiyo haikuachana sawasawa. Uliza. Uliza pia kama dawa inataka tumbo tupu au chakula, na kama inagombana na nyingine uliyo nayo.

Mifano michache itakuonyesha kwa nini saa si mapambo. Levothyroxine humezwa tumbo likiwa tupu, kwa kawaida nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, na huachanishwa na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu kwa saa 4. Metformin ya kisukari huenda na chakula ili tumbo lisichafuke. Furosemide ya kupunguza maji mwilini humezwa mapema, la sivyo utaamka usiku kucha kwenda haja ndogo. Prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, ni ya asubuhi na chakula, kwa sababu usiku hufukuza usingizi. Anayetumia dolutegravir dhidi ya VVU humeza dawa hiyo saa 2 kabla au saa 6 baada ya dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi. Kwa vidonge vya chuma au kalsiamu kanuni ni hiyohiyo, isipokuwa vikimezwa pamoja na dolutegravir wakati wa chakula.

Ukishaandika saa zote utapata labda vipindi sita au saba kwa siku. Hivyo ni vingi mno. Peleka karatasi hiyo kliniki na uulize: zipi zinaweza kumezwa pamoja? Kuna kidonge kimoja kinachochanganya mbili? Kuna aina inayofanya kazi polepole, ya mara moja kwa siku? Wengi hawaulizi, wakidhani ratiba waliyopewa haiguswi. Mara nyingi imeandikwa na watu watatu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyeiona yote.

Vipindi vilivyobaki vifunge kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa: kupiga mswaki, kifungua kinywa, kufunga mlango usiku. Alamu ya simu ni msaada wa pili. Iweke, lakini kuwa na sheria moja: usiizime kabla kidonge hakijamezwa. Iahirishe ikulilie tena.

Neno la pekee kuhusu dawa za mara moja kwa wiki. Methotrexate kwa ugonjwa wa baridi yabisi humezwa siku moja tu katika wiki, na watu wamekufa duniani kwa kuimeza kila siku kimakosa, kwa kuwa ilikaa katikati ya dawa za kila siku. Chagua siku, iandike kwa jina ("Jumatatu") kwenye orodha na juu ya boksi, kisha iweke mbali na nyingine. Alendronate ya mifupa nayo huwa ya wiki: humezwa asubuhi tumboni pakiwa hapana kitu, na glasi nzima ya maji, kisha unakaa wima angalau nusu saa ili isichubue koo.

Hatua ya 4: Jaza kisanduku cha wiki

Kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya siku saba, kila siku ikiwa na sehemu za asubuhi, mchana, jioni na usiku, ndicho chombo kinachojibu lile swali la mwanzo. Chumba kitupu: umemeza. Chumba kina vidonge: bado. Kama huna kisanduku, bahasha ndogo zilizoandikwa siku na saa, moja kwa kila kipindi, zinafanya kazi hiyohiyo.

Kijaze mara moja kwa wiki, siku ileile, ukiwa umekaa kwenye mwanga mzuri na mikono mikavu. Televisheni izimwe na maongezi yasubiri. Chukua dawa moja, isome kwenye orodha, itie katika siku zote saba, rudisha boksi lake, ndipo uchukue ya pili. Ukijaza siku moja yenye dawa zote kisha ukahamia nyingine, utachanganya. Mwisho hesabu vidonge vya kila chumba: kama asubuhi ni 4 kwenye orodha, viwe 4 kila asubuhi. Kama macho au mikono haina nguvu, ajaze mtu mwingine nawe uhakiki. Baadhi ya famasi hufanya kazi hiyo ukiomba.

Si kila dawa inaingia humo. Vidonge vya nitroglycerin vya maumivu ya kifua, vya kuweka chini ya ulimi, hupoteza nguvu vikitolewa kwenye chupa yake. Kapsuli za dabigatran (ya kuzuia damu kuganda) na vidonge vya sodium valproate (ya kifafa) vinaharibiwa na unyevu, hivyo hubaki kwenye vifungashio vyake mpaka dakika ya kumeza. Vidonge vya kuyeyuka majini au ulimini ni hivyohivyo. Chupa yenye kifuko kidogo cha kunyonya unyevu imekuambia tayari jambo hilo: usikitupe kifuko, na uliza kabla ya kuhamisha dawa. Kwa vidonge vya kubinya kutoka kwenye karatasi ngumu, kata kwa mkasi kipande chenye kidonge kimoja ukiweke hivyohivyo chumbani, bila kukitoboa. Dawa za "ukihisi maumivu" zikae nje, kwa maana ratiba haizijui.

Dawa isiyoingia kisandukuni, na sindano pia, ipe kalenda: alama ya kalamu papo hapo baada ya kuitumia. Baadaye ni mbali.

Usitupe maboksi na karatasi za maelezo baada ya kuhamisha vidonge. Tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo zimo humo. Tena visanduku vingi havina kufuli la kumzuia mtoto. Vidonge vichache vya madini ya chuma vinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo, na kidonge kimoja tu cha glibenclamide ya kisukari kinaweza kumshusha sukari kwa kiwango cha hatari. Weka juu, palipofungwa.

Hatua ya 5: Mahali pa kuhifadhi

Kabati la bafuni na rafu ya jikoni ndipo dawa nyingi huishia, na ndipo penye mvuke na joto. Chumba cha kulala, ndani ya droo iliyo mbali na dirisha, panafaa zaidi. Gari lililoegeshwa juani halifai kwa dawa yoyote, hata kwa saa moja. Kopo la pampu ya pumu linaweza kupasuka kwa joto kali.

Insulini ina masharti yake. Isiyofunguliwa hukaa friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiganda, hata ikiyeyuka vizuri, imekwisha. Inayotumika aina nyingi huweza kukaa nje kwa takriban siku 28 chini ya nyuzi 25 au 30, kutegemea karatasi yake, basi andika kwenye chupa au kalamu tarehe uliyoifungua. Kwa wasio na friji kuna habari ya kutia moyo: utafiti wa Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini iliyohifadhiwa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 ilibaki na nguvu yake. Usiuchukulie kuwa ruhusa ya kuianika. Uchukulie kuwa sababu ya kuzungumza na kliniki kuhusu njia za kuipoza bila umeme, kama chungu cha udongo chenye unyevunyevu, badala ya kuacha matibabu.

Hatua ya 6: Kifuko cha kila siku

Unapotoka nyumbani beba vitu viwili tofauti, wala usivichanganye.

Cha kwanza ni dawa ya kukuokoa: pampu ya bluu ya pumu, glukosi kwa anayetumia insulini, nitroglycerin kwa mwenye maumivu ya kifua, sindano ya adrenalini kwa mwenye mzio mkali. Hii haikai kwenye begi linaloachwa kwenye kiti au chini ya basi. Iwe mwilini au mkononi, na wale ulio nao wajue ilipo. Pampu nyingi za salbutamol zina dozi 200. Kama yako haina kihesabio, weka tarehe ya kuianza. Kuitumbukiza kwenye maji uone kama inaelea hakukuambii kilichobaki.

Cha pili ni dozi za siku hiyo na za siku moja zaidi, basi. Ukibeba chupa nzima kila siku, siku begi likiibwa umepoteza mwezi. Chombo kiwe kidogo, kikavu, kinachofungika, na ndani yake pawe na nakala ya orodha na chupa ndogo ya maji. Vidonge visivyo na jina ndani ya mfuko wa suruali, vimechanganyika na sarafu, ni balaa: hupondeka, hulowa jasho, na hakuna anayejua ni nini.

Kuna wasiotaka dawa zao zionekane, hasa wanaotumia ARV au dawa za akili. Hawadaiwi maelezo na mtu. Chombo kisichopitisha mwanga kinatosha, na kipande cha tishu kavu juu ya vidonge vya siku hiyo huzuia ule mlio wa chupa unaowatangaza. Lakini mtu mmoja unayemwamini ajue unachotumia, kwa sababu siku ukizimia siri hiyo itawachelewesha wanaokusaidia.

Hatua ya 7: Safari

Hesabu siku za safari, ongeza dozi za wiki moja kwa kuchelewa. Beba dawa zikiwa kwenye vifungashio vyenye jina lako, pamoja na barua ya daktari inayotaja majina ya kitabibu. Kwenye ndege zote zipande nawe kwenye begi la mkononi: mizigo hupotea, na insulini iliyo chini inaweza kuganda. Ukiwa na mwenzako, nusu ikae kwake. Kanuni ya mililita 100 ya vimiminika kwa kawaida huachia dawa unazohitaji, ila zitoe na kuzitaja mwenyewe kabla hujaulizwa.

Dawa za maumivu makali, za usingizi na za wasiwasi (codeine, tramadol, morphine, diazepam) zina sheria tofauti kila nchi, na barua ya daktari haitoshi kila mahali. Japani, kwa mfano, hairuhusu dawa zenye amfetamini hata uwe na cheti. Uliza ubalozi wiki kadhaa mapema. Ukivuka majira mengi ya saa, pata kutoka kliniki ratiba iliyoandikwa ya siku ya kwenda na ya kurudi, hasa kama unatumia insulini au dawa za kifafa.

Hatua ya 8: Jiandae kwa dozi iliyorukwa

Itatokea. Kanuni ya jumla kwa dawa nyingi: ukikumbuka mapema, meza, ukikumbuka karibu na saa ya dozi inayofuata, iache hiyo, endelea na ratiba. Usimeze mara mbili kufidia. Lakini warfarin (ya kuzuia damu kuganda), insulini, methotrexate na dawa za kifafa zina maelekezo yake, basi kwa kila dawa uliyo nayo muulize mfamasia leo, ukiwa mzima: "Nikisahau nifanye nini? Nikitapika baada ya kumeza je?" Jibu liandike nyuma ya orodha.

Kuna dawa zisizoachwa ghafla hata kama umechoka nazo au maudhi yake yanakusumbua. Prednisolone ya muda mrefu, dawa za kifafa, clonidine ya presha, na kundi la atenolol na propranolol (za presha na moyo) hupunguzwa polepole chini ya uangalizi. Nyingine ni kinyume: unapotapika na kuharisha sana, metformin, baadhi ya dawa za presha na za kupunguza maji huenda zikahitaji kusimamishwa kwa siku chache ili figo zisiumie. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini kabisa hata kama hali chakula. Dozi ndiyo huenda ikabadilika. Omba maelekezo ya siku za kuugua kabla hujaugua.

Hatua ya 9: Zisikuishie

Kila unapojaza kisanduku, tazama kilichobaki kwenye maboksi. Vikibaki vidonge vya siku 10, ni siku ya kwenda kuchukua vingine, wala usingoje boksi la mwisho. Weka alama kwenye kalenda. Zinazoisha muda mapema zitangulie mbele ya rafu.

Ukilazwa, nenda na maboksi yenyewe na orodha. Kisanduku hakimwambii daktari kidonge cheupe ni kipi. Siku ya kuruhusiwa, kabla hujavua nguo za wodi, linganisha karatasi mpya na orodha yako mstari kwa mstari mbele ya muuguzi: ipi imeongezwa, ipi imesimamishwa, ipi imebadilishwa kiasi. Ukifika nyumbani kimwage kisanduku kilichojazwa kabla ya kulazwa, hata kama siku tatu tu zilibaki humo, ukijaze upya kwa karatasi hiyo.